Maswali ya Wasomaji: Beki Huiva kwa Dakika za Mechi

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa mabeki wenye umri wa kati ya miaka 16 na 21, na nyingine kwa wazazi wao. Mshambuliaji wa miaka 18 anaweza kuingia dakika ya 80, akafunga, na kesho yake akawa gumzo. Beki hana njia hiyo ya mkato. Huaminiwa baada ya kucheza dakika nyingi, mfululizo, dhidi ya watu wazima, na kosa lake moja huonekana na uwanja mzima. Ndiyo maana majibu yetu mengi, yawe ya mbinu, ya mwili au ya mkataba, yanarudi kwenye swali moja: jambo hili litakuongezea dakika za kucheza au litakunyang'anya?

Nina miaka 19, ni beki wa kati, nimepandishwa timu ya wakubwa msimu huu. Kwenye timu ya vijana nilikuwa nachomoa mipira karibu yote. Sasa washambuliaji wananipita kirahisi na kocha anasema ninajitupa. Nirekebishe nini?

Kujitupa ni kuingiza mguu kabla mpira haujaachana na mguu wa mpinzani. Kwa vijana ulifanikiwa kwa sababu mguso wao huupeleka mpira mbali kidogo, nawe ukauwahi. Mchezaji mkomavu hukuonyesha mpira makusudi, akasubiri uinue mguu, kisha akapita upande wa mguu uliobaki umesimama, kwa kuwa huo hauwezi tena kwenda popote.

Tatizo lenyewe huanza mapema zaidi, kwenye mbio za kumfikia. Mpira ukiwa bado njiani kwenda kwake, kimbia kwa kasi yako yote. Akikaribia kuugusa, vunja kasi kwa hatua fupifupi ili uwe umetulia mita 1.5 hadi 2 kutoka alipo. Mabeki vijana wengi hufika wakiwa bado kasini, na hapo wameshapitwa hata kabla ya kukaba kuanza.

Ukishafika, simama ubavu. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamekunjwa, uzito uwe sehemu ya mbele ya nyayo. Ukisimama kifua mbele na miguu sambamba, unampa njia tatu: kushoto, kulia na katikati ya miguu yako. Mguu wa mbele ndio unaofunga njia usiyotaka aitumie. Karibu na goli lako, mara nyingi utataka kumsukumia pembeni, kwa hiyo mguu ulio upande wa katikati ya uwanja ndio utangulie. Macho yabaki kwenye mpira, maana mabega na miguu vinadanganya. Rudi nyuma kwa hatua za ubavu bila kupishanisha miguu. Miguu ikipishana tu, mshambuliaji mzuri anabadilisha upande.

Kila sekunde unayomchelewesha, mwenzako mmoja anarudi kusaidia. Lakini kurudi nyuma kuna mwisho wake. Ukifika kwenye mstari wa boksi, mita 16.5 kutoka golini, simama, punguza nafasi hadi kama mita moja, na uwe tayari kuzuia shuti huku mikono ikiwa karibu na mwili. Mabeki wanaoendelea kurudi hadi ndani ya boksi humpa mpigaji nafasi ya kuchagua kona ya goli.

Ingia pale tu unapoona mguso umekuwa mzito na mpira umemtoka zaidi ya nusu mita, au ameinamisha kichwa akiutafuta. Tumia mguu ulio karibu na mpira. Ukinyoosha ule wa mbali, kiuno kinageuka na ukikosa huna namna ya kumfukuza.

Zoezi lake ni rahisi. Pima eneo la mita 10 kwa 15, weka mageti mawili madogo nyuma yako, mshambuliaji aanze akiwa mita 8 mbele yako. Fanya mara 6, ukipumzika sekunde 40 kila mara, kisha rudia seti hiyo mara 3. Katika seti ya kwanza ni marufuku kuingiza mguu: kazi yako ni kumchelewesha kwa sekunde 5. Seti hiyo huwachukiza vijana, lakini ndiyo inayofundisha subira, na kwako wewe subira ndiyo iliyokosekana.

Nilipewa kadi nyekundu kwa kumwangusha mshambuliaji nje ya boksi, ingawa sikuwa beki wa mwisho. Mwamuzi hakukosea?

Kwa maelezo yako, inaelekea hakukosea. Sheria ya 12 ya soka, inayohusu makosa na kadi, haina maneno "beki wa mwisho". Inaangalia kama umemnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga, na mwamuzi hupima mambo manne: umbali kutoka golini, mwelekeo wa shambulizi, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na walinzi wako wapi na ni wangapi. Mwenzako aliye mita 15 upande wa pili, asiyeweza kuwahi, hakuokoi.

Nje ya boksi, adhabu ya kosa hilo ni nyekundu hata kama uliugombea mpira kwa nia njema. Ndani ya boksi mambo yalibadilika mwaka 2016: ukiugombea mpira ukachelewa, ni penalti na kadi ya njano. Ukimvuta, ukimshika, ukimsukuma, au ukiingia bila uwezekano wowote wa kuufikia mpira, ni penalti na nyekundu vilevile.

Ukishapitwa, usimfukuze mtu, kimbilia eneo lililo kati yake na katikati ya goli. Hapo unampunguzia pembe na kumlazimisha aende pembeni au apige mapema, na kipa wako anajua upande wa kulinda. Ikiwa ni dakika ya 20, kuruhusu shuti ni nafuu kuliko kucheza dakika 70 mkiwa 10. Nyekundu pia inakutoa kwenye mechi ijayo, na kwa beki kijana mechi hiyo moja hutosha mwingine kuchukua namba yako asiirudishe.

Nina urefu wa mita 1.76. Kila kocha mpya ananiambia nihame beki ya kati. Niwasikilize?

Fabio Cannavaro hakufika mita 1.80. Mwaka 2006 aliiongoza Italia kama nahodha hadi ikatwaa Kombe la Dunia, na mwaka huohuo akapewa tuzo ya mchezaji bora, Ballon d'Or. Kwa hiyo jibu si urefu peke yake. Lakini tusikufiche: beki mfupi hana ruhusa ya kuchelewa. Mrefu akikosea hatua moja atanyoosha shingo, wewe utakosa mpira kabisa.

Mambo matatu ndiyo yatakayoamua. La kwanza ni kuruka mapema ukitokea kwenye mwendo. Hatua 2 au 3 kisha ruka kwa mguu mmoja, maana anayeruka kutoka alipo kwa miguu miwili hufika chini zaidi. La pili ni kuchukua nafasi kabla mpira haujafika. Mguse mpinzani kwa bega au nyonga mpira ukiwa bado hewani mbali, naye akose mwanya wa kupiga hatua zake za kuruka. Mikono usiitumie kumsukuma, waamuzi huona mikono kwanza. La tatu ni kujua mpira gani si wako. Usipoweza kuupiga, mvuruge tu aupige vibaya, na mwenzako asogee kuokota mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kugombewa. Mkubaliane kabla ya mechi nani anaruka na nani anabaki nyuma.

Kichwa cha ulinzi kiende juu, mbali na pembeni. Piga kwa paji la uso, macho wazi, shingo imekazwa, nguvu itoke kiunoni na mgongoni. Anayefumba macho hupigwa na mpira utosini, na huko ndiko kwenye maumivu. Usirundike mazoezi haya, maana ubongo nao una kikomo. Chama cha soka cha Uingereza kinashauri wachezaji wa kulipwa wasizidishe vichwa 10 vya nguvu kwa wiki ya mazoezi. Zoezi la kuruka na kupima muda lifanyike zaidi kwa mpira unaorushwa kwa mkono. Na ukigongana kichwa ukahisi kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau, toka uwanjani siku hiyo hata kama umepata nafuu. Kurudi ni kwa hatua, kila hatua si chini ya saa 24, chini ya daktari.

Mwombe kocha akutazame pia kwenye safu ya mabeki watatu. Beki wa pembeni wa safu hiyo hukaba zaidi mipira ya chini na kwenye nafasi kubwa, na wepesi wako unafaa hapo.

Natumia mguu wa kulia lakini napangwa beki wa kati upande wa kushoto. Nikipokea pasi ya kipa nabanwa. Nifanye nini?

Tatizo linaweza kuwa mwili kabla ya mguu. Kabla pasi haijapigwa, rudi nyuma na utanuke pembeni ili unapopokea uuone uwanja wote. Tangu 2019 goli kiki haihitaji tena kutoka nje ya boksi, kwa hiyo unaruhusiwa kupokea ukiwa ndani yake, kando ya kipa, nawe upate mita kadhaa za ziada kabla ya kubanwa. Wacha mpira uvuke mwili wako, uupokee kwa mguu wa kushoto, ulio mbali na anayekuja. Ukiuzuia kwa kulia, umejigeuza ndani alikotoka yeye, na pasi ya pembeni imekufa.

Mguu wa kushoto haulazimiki kuwa hodari. Unatakiwa uweze mambo mawili: kupokea, na kumpigia beki wa kushoto pasi inayotambaa chini, umbali wa mita 15 hadi 20. Piga pasi 50 hivi ukutani kila siku ya mazoezi, nusu yake kwa mguso mmoja. Usipoona njia, mrudishie kipa kando ya goli, kamwe si kuelekea katikati ya milingoti.

Nimechanika misuli ya nyuma ya paja mara mbili ndani ya miezi 7, mguu uleule. Kila nikirudi maumivu yameisha kabisa. Nakosea wapi?

Hapo hapo: umerudi kwa sababu maumivu yameisha. Maumivu huisha mapema, nguvu hurudi baadaye, na uwezo wa kuvumilia mbio za kasi ya juu huwa wa mwisho. Beki yuko hatarini kwa namna yake. Anasimama, anarudi polepole, halafu ghafla anageuka na kukimbia mita 30 kumfukuza mtu aliyeanza kabla yake. Mguu unapotanuka mbele katika mbio hizo, misuli hiyo inafanya kazi ya kuuzuia huku ikivutwa, na hapo ndipo inapochanika.

Zoezi lenye ushahidi wa kutosha ni lile la kupiga magoti na kushuka mbele. Mwenzako anakushika vifundo vya miguu, mwili unanyooka kutoka gotini hadi begani, unashuka polepole uwezavyo ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Ukishindwa, jipokee kwa mikono. Wiki ya 1 fanya siku moja, seti 2 za mara 5. Wiki ya 2, siku mbili, seti 2 za mara 6. Wiki ya 3, siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Wiki ya 4, siku tatu, seti 3 za mara 8 hadi 10. Wiki ya 5 hadi ya 10, siku tatu, seti 3 za mara 12, 10 na 8. Baada ya hapo mara moja kwa wiki inatosha kulinda ulichojenga. Wanaoanza na seti kubwa wiki ya kwanza hushindwa kutembea siku mbili, wakaliacha zoezi. Kosa la pili ni kulifanya siku moja kabla ya mechi. Kosa la tatu ni kuvunja kiuno wakati wa kushuka: makalio yakibaki nyuma, misuli inapumzika.

Hilo halitoshi bila mbio. Kabla ya kurudi kwenye mechi, uwe umeshakimbia mara kadhaa kwa zaidi ya asilimia 90 ya kasi yako ya juu, siku tofauti, bila hofu wala kukazwa, pamoja na kugeuka na kufukuza kama ilivyo kwenye mechi. Nguvu ya mguu huo ilingane karibu kabisa na ya mwingine ikipimwa. Ukiwa mzima, endelea kukimbia kwa kasi hiyo mara moja au mbili kila wiki, mita 20 hadi 40, marudio machache. Mchezaji wa akiba ndiye anayelisahau hili: hachezi, mazoezi ya uwanja mdogo hayamfikishi kwenye kasi yake, halafu siku anaingizwa dakika ya 60 anachanika. Mchaniko wa tatu huondoa msimu mzima. Usikubali kuharakishwa na mtu yeyote, hata kama ni wewe mwenyewe.

Nina miaka 20, niko benchi kwenye klabu kubwa. Wanataka kunipeleka kwa mkopo. Baadhi ya watu wananiambia ni dalili ya kutupwa.

Inategemea mkopo gani. Arsenal ilimsajili beki William Saliba mwaka 2019 akiwa na miaka 18, ikamwacha Saint-Étienne kwa mkopo. Januari 2021 akaenda Nice, msimu wa 2021/22 akawa Marseille. Mechi yake ya kwanza ya ligi akiwa na Arsenal ilikuwa Agosti 2022, na hapo aliingia moja kwa moja kikosi cha kwanza. Beki Philipp Lahm naye alikaa Stuttgart kwa mkopo misimu miwili, 2003 hadi 2005, kabla ya kurudi Bayern Munich. Wote walikopeshwa mahali walipocheza.

Kabla ya kutia saini, jua yafuatayo kutoka kwa kocha wa huko mwenyewe. Ana mabeki wa kati wangapi? Wanne wazima na wewe wa tano ni benchi lingine tu, tena ugenini. Safu yake ya ulinzi inakaa juu au chini? Klabu yako ikicheza juu karibu na nusu ya uwanja, msimu wa kujazana ndani ya boksi utakufundisha kidogo. Je, kocha ndiye aliyekuomba, au ni wakubwa wa klabu? Makocha hufukuzwa, lakini aliyekuomba angalau atakupa nafasi ya kuanza.

Kwenye karatasi, hakikisha imeandikwa nani analipa mshahara na kwa kiwango gani, nani anagharimia matibabu na daktari wa klabu ipi ana neno la mwisho ukiumia, na kama klabu yako inaweza kukurudisha dirisha la kati la usajili usipochezeshwa. Kwa mikopo ya kimataifa, FIFA inataka mkataba wa maandishi usiozidi mwaka mmoja, na klabu inayokupokea hairuhusiwi kukukopesha kwa nyingine. Kumbuka pia kuwa ndani ya msimu mmoja unaweza kusajiliwa na klabu 3, lakini kwa kawaida utacheza mechi rasmi za klabu 2 tu. Ukishacheza hata mechi moja rasmi kwa klabu yako na ukakopeshwa, ukicheza huko, ya tatu haitaweza kukuchezesha. Dakika chache za huruma mwanzoni mwa msimu zinaweza kukufungia mlango wa Januari.

Maoni yetu: kama umepita msimu mzima bila kuanza mechi 10 za ligi, nenda, hata kama ni daraja la chini.

Sisi ni wazazi wa beki wa kulia wa miaka 16. Wakala mmoja anasema atampeleka nje ya nchi kwa majaribio, tulipe kwanza. Tufanyeje?

Wazazi wetu, msilipe. Wakala halali hupata ujira wake kutokana na mkataba utakaopatikana, haombi hela ya majaribio.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Milango iliyobaki ni michache, ikiwemo: wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu soka, uhamisho ndani ya Umoja wa Ulaya kwa mwenye miaka 16 hadi 18 kwa masharti ya masomo na malezi, au familia na klabu zote kuwa karibu na mpaka, kila upande ndani ya kilomita 50. Anayewaambia "tutapanga karatasi za kuonyesha mmehamia kikazi" anawaingiza kwenye udanganyifu, na atakayefungiwa ni mtoto.

Angalieni jina lake kwenye orodha ya mawakala wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya FIFA. Kwa mchezaji mdogo, wakala haruhusiwi hata kumkaribia mpaka ibaki miezi 6 kabla ya umri ambao sheria inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, tena kwa ridhaa yenu ya maandishi kwanza. Mkataba wa uwakilishi hauzidi miaka 2, na kifungu cha kujirefusha chenyewe ni batili. Mkataba wa kucheza kwa aliye chini ya miaka 18 FIFA haiutambui kupita miaka 3, mkubwa ni hadi 5 pale sheria ya nchi isiposema vingine.

Kwa umri wake, beki wa kulia anahitaji mechi ya ushindani kila wiki na shule. Safari ya wiki mbili za majaribio yasiyo na mwaliko rasmi wa klabu haimpi hata kimoja.

Klabu haijanilipa miezi miwili. Nikiondoka nitafungiwa?

Ukiondoka kimyakimya, unaweza kufungiwa. Mishahara miwili ya mwezi isiyolipwa kwa wakati inakupa sababu halali ya kuvunja mkataba, lakini baada ya kuiandikia klabu barua ya kudai na kuipa angalau siku 15 kulipa. Barua itaje miezi, kiasi na akaunti, itumwe kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa, nakala ubaki nayo. Katika siku hizo 15 endelea kuhudhuria mazoezi yote, na uweke kumbukumbu kwamba ulihudhuria, kwa sababu utoro ndiyo hoja ya kwanza klabu itakayoitafuta. Zikipita bila malipo, andika barua ya pili ya kuvunja mkataba kabla ya kuzungumza na klabu nyingine. Mgogoro ukiwa wa kimataifa, yaani wewe ni raia wa nchi nyingine, unaweza kwenda FIFA ndani ya miaka 2. Ukiwa wa ndani ya nchi, anza na chombo cha usuluhishi cha shirikisho lako na chama cha wachezaji.